Mlenda wa Mwaja ni wa Nani

Ihumwa, 12 Januari 2025

Shangazi yangu Dorothea,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mzee Filipo na mguu wake. Mimi sijambo. Steshenari inakwenda, hasa siku ambazo umeme haukatiki. Dada Hilda amehamishiwa shule ya karibu na mjini, anakusalimia sana. Mvua huku inanyesha siku mbili, halafu inakwenda zake wiki nzima.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako haipatikani, na siku ile ulipopanda mwinuko wa kanisani kutafuta mtandao ulinikatia ukisema waumini wote wanatusikiliza. Sawa. Hii utaisoma peke yako.

Jumamosi nilikuwa sokoni mjini. Kwenye meza ya Iddy, yule muuza viungo, nikakuta pakiti za Mlenda wa Mwaja. Jina la bibi, chungu cha bibi chenye mistari mitatu, kila kitu. Nikafurahi, nikanunua mbili. Nilipokula, mchanga. Na mlenda wenyewe ulikuwa wa kahawia, umekaushwa juani na kutwangwa pamoja na vijiti vyake. Ndipo nikaitazama lebo vizuri. Ni kopi. Mtu ameiskani lebo yako, akachapa zake. Iddy anasema analetewa na bwana mmoja mwenye pikapu, hamjui hata jina.

Shangazi, umehangaika na mlenda huo miaka kumi na miwili. Watumishi waliohamia Dodoma wanauulizia kwa jina. Mtu akila mchanga mara moja hanunui tena, wala hatajua kwamba siyo wewe uliyemlisha. Na huyo bwana hatuna cha kumfanya, kwa sababu alama haijasajiliwa. Tuisajili, jina pamoja na chungu, iwe yetu kisheria.

Nitumie namba yako ya kitambulisho cha taifa, lebo moja safi, na uniambie ni nani mwingine ana lebo hizo. Nakuomba sana usikawie.

Mwanao,
Luka


Kibakwe, 2 Februari 2025

Mwanangu Luka,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 12 nimeipata tarehe 29. Kondakta aliisahau kwenye droo ya basi, ikawa inakwenda Mpwapwa na kurudi kama mkaguzi. Mzee Filipo uvimbe wa mguu umepungua, malalamiko hayajapungua. Mahindi ya bondeni yamesimama vizuri, ya mlimani yameliwa na ngedere. Mlenda umeota kwa wingi mwaka huu, baraza lote limetandikwa majani na hatuna pa kukaa.

Habari za watoto wako hukuniandikia. Mara ya mwisho uliwaona lini?

Sasa hilo la mchanga. Limenikera mpaka nimeshindwa kula. Mama yangu alikuwa anapepeta mlenda asubuhi, akimaliza anapepeta tena, na leo jina lake limebandikwa kwenye uchafu wa mtu. Lakini na wewe umenikera. Unaniandikia kama vile nimeanza biashara jana. Nilisajili mwaka 2016. Cheti kiko ukutani kwenye fremu, pembeni ya picha ya marehemu baba yako, kina muhuri, na kila mgeni anakisoma.

Kuhusu lebo, ninazo mimi, na anazo mtu mwingine mmoja tu. Huyo nimempa jina anifugie. Unajua tunavyofanya na ng'ombe. Unamwona mtu ana watoto na hana kitu, unampa ng'ombe akufugie. Maziwa anakunywa yeye na wanawe, samadi anapeleka shambani kwake, lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako. Hakuna anayeandikiana karatasi, na watu wote wanajua ng'ombe ni wa nani. Basi na mimi nilimfundisha kukaushia kivulini, nikampa lebo mia tatu, akauze huko aliko apate chakula. Mlenda wake nimeuonja mwenyewe. Hauna hata punje ya mchanga, kwa hiyo usianze kumtafuta.

Jina lake halikuhusu.

Shangazi yako,
Dorothea


Ihumwa, 17 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mzee Filipo anaendelea vizuri, umwambie apunguze chumvi. Hilda alikuja Jumapili na maembe, tukala. Watoto hawajambo, nawaona inavyowezekana.

Barua yako niliisoma nikiwa na wateja wawili mbele yangu, ikabidi niwaombe wasubiri nje. Shangazi, hicho cheti cha ukutani ni cha jina la biashara. Kinasema tu kwamba wewe unafanya biashara kwa jina fulani. Hakimzuii mtu kubandika chungu cha bibi kwenye mchanga wake. Alama ya biashara ni ombi jingine na cheti kingine kabisa. Kila wiki namweleza mtu jambo hili hapa dukani, na kila mmoja wao ana fremu ukutani kama wewe.

Hilo la ng'ombe ndilo limenimaliza nguvu. Ulifundisha miaka thelathini na moja, hukuwahi kumwazima mtoto kitabu bila kuandika kwenye daftari, leo unampa mtu jina la bibi kwa mdomo. Ng'ombe ana masikio yaliyokatwa, ana rangi, ana majirani wanaomfahamu. Jina halina hayo. Ofisi ya usajili haiko Kibakwe wala haimjui aliyekufugia. Inamsikiliza aliyewahi kupeleka ombi. Huyo mtu wako akiamka kesho akapeleka ombi kwa jina lake, utabaki na fremu yako. Kuna haja gani ya kunificha?

Nimeambatanisha fomu. Weka sahihi pale chini nilipotia alama ya kalamu, na kopi ya kitambulisho. Sehemu nyingine nitajaza mwenyewe.

Mwanao,
Luka


Kibakwe, 16 Machi 2025

Mwanangu Luka,

Marahaba. Tumeingia Kwaresima. Mimi nimeacha sukari na ninajaribu kuacha kukasirika, na barua yako haikunisaidia. Mbuzi yule mwenye pembe moja amezaa mapacha. Mzee Filipo chumvi hataki kuacha, anasema bora aache dawa.

Unasema unawaona watoto inavyowezekana. Inavyowezekana ni lini? Nilikuuliza tarehe, umenipa maelezo.

Kuhusu vyeti viwili, nimeelewa. Nilikwenda ukutani nikakisoma chote, hata yale maandishi madogo ya chini, na kweli chungu hakijatajwa popote. Miaka yote hii nakifuta vumbi. Nimeona aibu hata mbele ya mzee Filipo.

Fomu hii hapa. Wanafunzi wangu niliwakataza kuweka sahihi kwenye karatasi yenye nafasi tupu, na mimi leo nimeweka, kwa sababu ni wewe. Lakini pale juu palipoandikwa Mmiliki wa Alama umeacha wazi, na si kwa kusahau, maana mstari wa juu yake na wa chini yake umeijaza. Utaandika jina la nani hapo? Nijibu hilo kabla ya kupeleka.

Jina la yule anayenifugia sitakuandikia. Nina sababu, na sababu yenyewe ni wewe.

Shangazi yako,
Dorothea


Ihumwa, 7 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na Kwaresima. Hilda ana mafua, mimi mgongo. Ya kwenye fomu yatakaa sawa, usiyahangaikie, sasa hivi tuna tatizo kubwa zaidi.

Niliwasilisha ombi tarehe 11 Machi. Juzi nimejibiwa kwamba lipo ombi lililonitangulia, jina lilelile na chungu kilekile, limewasilishwa tarehe 3 Machi kutoka Kongwa. Siku nane, shangazi. Siku nane tulizopoteza tukibishana kuhusu ng'ombe na fremu. Nilikuambia mwezi wa pili kwa maandishi kwamba itakuwa hivi, na imekuwa. Huyo uliyempa maziwa ameondoka na ng'ombe.

Jina la aliyewasilisha nimeliona na sitaliandika hapa. Wewe unalijua, na sasa naelewa kwa nini ulificha.

Ombi lake limeshatangazwa. Kuna siku sitini za kuweka pingamizi, na baadhi zimeshakwenda. Ndani ya bahasha utakuta kiapo nilichokuchapia. Kinasema kwamba hukuwahi kumruhusu mtu yeyote kutumia jina wala chungu. Najua utaniambia ulimruhusu. Lakini ruhusa yenu haipo kwenye karatasi yoyote, kwa hiyo mbele ya sheria ni kama haipo. Nenda nacho Mpwapwa kwa wakili, uape, ukirudishe kwa basi la kesho yake. Usiposaini, jina la mama yako litakuwa mali ya mtu ambaye si hata wa ukoo wetu.

Nimechoka, shangazi. Nimechoka kuwa mtu pekee anayelihangaikia jina hili.

Luka


Kibakwe, 11 Mei 2025

Luka,

Mzee Filipo hajambo. Mbuzi hawajambo.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kuchukua kalenda. Unasema uliwasilisha ombi tarehe 11 Machi. Fomu yangu iliondoka hapa tarehe 16, nimeandika mwenyewe juu ya barua, na kopi ninayo. Uliwasilisha siku tano kabla sahihi yangu haijapanda basi. Nikajiuliza, kwa sahihi ya nani? Kiapo chako sikusaini. Nilikiweka ndani ya Biblia, nikafunga safari ya Kongwa, na kwa umri wangu safari hiyo si mchezo.

Tulitaje sasa, maana tumelizunguka tangu Januari. Niliyempa jina anifugie ni Priska, mkeo uliyemwacha na watoto wawili na godoro. Nilimpa wiki moja baada ya wewe kurudi kuchukua kabati. Sikukuambia kwa sababu akitajwa unageuza uso, na nilijua ungekuja kumnyang'anya hata hicho. Nilifikiri nakuonea kukuwazia hivyo. Niliungama kwa mchungaji kwamba nakuwazia mabaya.

Nilipofika nilikuwa nimejaa hasira. Sikukaa hata kwenye kiti. Nilimwambia Priska, wewe umeniibia. Akasimama na ungo mkononi, akaniuliza, "Nimekuibia nini, mama?" Nikamwambia jina. Akaingia ndani akatoka na bahasha.

Aliyewasilisha, Priska. Mmiliki wa alama, Dorothea. Majina yangu yote matatu, namba yangu ya kitambulisho ambayo anayo tangu tuliposajili kikundi cha akina mama, na anwani yangu ya Kibakwe. Nilipomwandikia habari za mchanga, alikwenda kwa afisa biashara akauliza la kufanya, akajaziwa. Hakuniambia kwa sababu alitaka kuniletea cheti mkononi kikishatoka. Ile karatasi ya kupokelewa kwa ombi aliipeleka mpaka sokoni mjini akamwonyesha Iddy, na Iddy ameziondoa zile pakiti mezani. Mwezi wa pili alikupigia simu mara tatu umsaidie kujaza, kwa kuwa ndiyo kazi yako. Hukupokea.

Kesho yake alinipeleka kwa huyo afisa. Ni dada mpole, anaitwa Shamila, akatufungulia kompyuta yake tuone yote. Likatokea na ombi la pili, la tarehe 11 Machi. Mmiliki wa alama, Luka. Si mimi, si ukoo, si kikundi. Priska alilisoma, akatoka nje. Mimi nilibaki nimekaa, na yule dada akaniletea maji bila kuombwa.

Uliniuliza kuna haja gani ya kukuficha. Na mimi nikuulize. Kioo cha kompyuta kilichokuonyesha jina la Priska kilikuonyesha na langu, liko mstari unaofuata. Ulijua kwamba hakuna aliyeniibia. Bado ukanichapia kiapo, ukaniambia nikaape mbele ya wakili kwamba mke wako ni mwizi, ili ombi langu lifutwe na lako libaki. Nilikufundisha kusoma, Luka, pale barazani, ukiwa na miaka mitano.

Ondoa ombi lako.

Dorothea


Ihumwa, 25 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za kuanzia.

Nimeliondoa jana. Kopi ya uthibitisho iko ndani. Fomu yako yenye sahihi nimeichana, na vipande navyo vimo, usije ukafikiri nimevibakiza.

Nilijua. Nilipoanza Januari sikuwa na nia hiyo, niamini au usiniamini. Halafu nikaanza kuwaza kwamba huna mtoto, kwamba siku ukiondoka ndugu za mzee Filipo watagawana kila kitu hadi jina la bibi, na Mwaja alikuwa bibi yangu pia. Ndiyo maana niliacha ile nafasi wazi. Nikawa naiangalia kila siku, mpaka siku moja nikajaza. Sikungoja hata barua yako, kwa kuogopa swali utakalouliza.

Nilipoona jina la Priska nilifurahi, shangazi. Nilifikiri nimempata na kosa. Nikasoma mstari unaofuata, nikafunga duka. Miaka miwili nimekuwa nikiwaambia watu kwamba yule mwanamke si mwaminifu, kwamba ndiyo sababu niliondoka. Hakukuwa na sababu hiyo. Nilikuwa nimechoka kuwa maskini mbele ya mtu anayenifahamu. Nilihitaji awe mwizi, na wewe ndiye ungesaini.

Naomba unisamehe ukiweza. Na ninaomba jambo moja, najua sistahili. Shule zinafungwa mwezi wa sita. Mwombe Priska aniruhusu nije Kongwa kumwona Ritha na mdogo wake, hata kwa saa mbili. Wewe atakusikiliza.

Luka


Kibakwe, 8 Juni 2025

Mwanangu Luka,

Marahaba. Uthibitisho nimeupata, Shamila naye ameangalia, ombi lako halipo tena. Siku sitini zimekwisha na hakuna aliyepinga. Mzee Filipo ameanza kutembea mpaka dukani na kurudi, anatafuta watu wa kuwasimulia.

Kukusamehe nimeanza. Sijamaliza, na usinihimize. Nimemwandikia Hilda nikamweleza yote, kwa hiyo akikununia wiki hii utajua sababu. Cheti kikitoka, Priska ataendelea kutumia jina kama zamani, ila safari hii tumeandikiana karatasi, nakala mbili, na afisa biashara ameshuhudia. Hilo nimejifunza kwako, na ninakushukuru kwa hilo peke yake.

Kuhusu watoto, sitamwomba. Miezi mitano nimesoma barua zako, zote zinamzunguka Priska, na mimi nikawa nazizungusha zaidi kwa kuficha. Mimi nimechoka kuwa katikati. Anwani yake na namba yake ya simu ziko kwenye ombi lake, ulizisoma mwezi wa nne. Kalamu na karatasi unaviuza mwenyewe.

Mwandikie. Usianze na habari za mgongo wala za mvua. Anza na jina lake.

Shangazi yako,
Dorothea